Tujenge Karakana Kabla ya Kufungua Duka



Katika mkutano wa mwanzo wa muhula huu, chama chetu kiliamua kwamba hakitaweka tena kumbukumbu zake kwenye akaunti ya mtu mmoja. Uamuzi ulipita bila kupingwa, na sote tunajua kwa nini. Miaka miwili iliyopita katibu wetu wa wakati ule alihitimu. Chuo kikaifunga akaunti yake kama kinavyozifunga za wahitimu wote, na ndani yake zikazama kumbukumbu za mikutano ya miaka mitatu, orodha ya vitabu tulivyoazimisha, na rekodi za wazee Waswahili wa mji huu waliotusimulia jinsi walivyofika Uingereza. Mmoja wa wazee hao ameshatangulia mbele ya haki. Sauti yake hatuna tena.

Katibu hakuwa na kosa. Alitupa alichokuwa nacho. Chuo nacho kilifuata kanuni zake. Kosa lilikuwa letu sote tuliokaa katika nyumba ya kupanga bila kuuliza mkataba unaisha lini. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Basi tukakubaliana tuwe na mfumo wetu wenyewe wa kufanyia kazi pamoja: mafaili, kalenda, mazungumzo na orodha za zamu, vyote mahali pamoja, kwenye seva tunayoilipia kwa michango yetu. Tukachagua Nextcloud. Hadi hapo hatuna ugomvi na mtu. Ugomvi wetu uko kwenye hatua inayofuata. Wengi wenu mmetuambia hivi: "Nyinyi watatu mnasoma mambo ya kompyuta. Usimikeni, mkimaliza mtupe nywila tuanze kazi."

Sisi watatu tunasema hapana. Tukifanya hivyo, tutakuwa tumemwondoa katibu na kumweka fundi mahali pake. Siku tutakapohitimu, mtabaki na seva ambayo hakuna anayejua imefungwaje, kama jenereta la msikitini ambalo aliyelifunga amehama mji. Maoni yetu ni kwamba kabla ya kufungua duka, chama kijenge karakana, na wanaoijua karakana hiyo wasiwe watatu tu.

Tueleze kwanza tunachokisema. Nextcloud ilianzishwa mwaka 2016 na Frank Karlitschek na wenzake, baada ya yeye kuondoka ownCloud aliyoianza mwaka 2010. Si mchezo wa wanafunzi. Mwaka 2018 kituo cha teknohama cha serikali ya shirikisho ya Ujerumani kiliichagua kwa ajili ya watumishi wake. Msimbo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuuchukua, kuusoma, kuubadili na kuongeza programu ndogo ndani yake. Lakini ruhusa ya kubadili haikufaidii kitu kama huna mahali pa kufanyia mabadiliko hayo.

Mahali hapo ndipo tunapopaita karakana. Ni nakala kamili ya mfumo inayofanya kazi kwenye kompyuta yako mwenyewe, ambayo unaweza kuivunja asubuhi na kuijenga upya mchana bila kumdhuru mtu. Ndani yake kuna PHP inayoendesha sehemu ya seva, JavaScript inayochora kile tunachokiona kwenye kivinjari, hifadhidata inayotunza majina na tarehe, Redis inayoshika kwa muda vitu vinavyoitwa mara kwa mara, na Git inayoweka historia ya kila badiliko. Siku hizi vitu hivi hufungwa pamoja kwenye kontena za Docker, ili mtu asihangaike kutafuta toleo la PHP linalokubaliana na toleo lake la Nextcloud. Kwa maneno ni rahisi. Jumamosi moja tulikaa chumba cha juu cha maktaba tukagundua kuwa maneno na vitendo ni mbalimbali.

Tulikuwa na kompyuta tatu: moja ya Windows, moja ya Mac, na moja kuukuu ya Linux. Tulipoupakua msimbo na kuuwasha, ya Linux ilikataa mara moja. Tukahangaika kwa muda mrefu, tukafuta, tukapakua upya. Kumbe folda ya maktaba za nje ilikuwa tupu, kwa sababu Git huileta kwa amri yake ya pekee. Cha kuchekesha ni kwamba amri hiyo ilikuwa imeandikwa pale pale kwenye skrini, ndani ya ujumbe wa kosa. Hatukuusoma. Tuliona maandishi mekundu tukaingiwa na hofu.

Ya Windows ilitutia wazimu zaidi. Kompyuta ilituambia faili halipo, na faili tunaliona kwa macho yetu. Sababu yake ni ndogo kama chawa: Windows humaliza kila mstari wa maandishi kwa alama mbili zisizoonekana, Linux kwa moja. Amri zetu zilipopita Windows zikaongezewa alama ile ya pili, na zilipofika ndani ya kontena, ambayo ni Linux, zikawa zinaita programu yenye jina lisilokuwepo. Dawa yake ni mpangilio mmoja kwenye Git. Lakini ni nani angemwambia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza?

Hatimaye ya Mac ikakubali kuwaka. Tukafurahi, tukataka kuufungua mfumo kwa simu ya mwenzetu, ukagoma. Ukasema anwani ile haiaminiki. Hapo tukajifunza kwamba Nextcloud ina orodha ya anwani inazozikubali, na isiyomo kwenye orodha haipokelewi. Siku ile tulikereka. Leo tunashukuru, kwa sababu tunajua mlango wa duka letu una bawabu, na tunajua jina la faili ambamo orodha yake imeandikwa.

Walimu wetu wanalijua kosa letu la nne, maana wao ndio waliolipokea. Mmoja wetu aliunganisha karakana yake na barua pepe halisi ya chama ili ajaribu mialiko ya kalenda. Usiku wa manane walimu wakapata mialiko kumi na minne ya mkutano usiokuwepo, katika chumba kisichokuwepo. Tunaomba radhi tena. Tangu siku ile kila karakana yetu ina kisanduku cha kunasa barua: programu inayojifanya seva ya barua pepe, ikipokea kila kitu na kutopeleka kitu popote.

Sasa tuulize: kama makosa haya manne tungeyafanya kwenye seva yenyewe, wakati mafaili ya chama yamo ndani, tungekuwa wapi? Karakana haikutuzuia kukosea. Ilitupa mahali pa kukosea bila hasara.

Kuna jambo jingine linalotugusa sisi hasa. Tunataka programu ndogo ya zamu kwa ajili ya kikao chetu cha mazungumzo na wanaoanza Kiswahili, na kwa usomaji wa vitabu tunaofanya kila mwezi na wenzetu wa Zanzibar na Mombasa. Mara ngapi tumepotezana kwa sababu ya saa? Mwenzetu anaandika "saa moja jioni", mwingine anaweka 1:00 kwenye kalenda, na wa tatu anasahau kwamba Uingereza hubadili saa Machi na Oktoba lakini Afrika Mashariki haibadili, hivyo tofauti yetu ni saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi. Hakuna kampuni itakayotutengenezea kalenda inayosema saa kwa Kiswahili. Tulijaribu wenyewe kwenye karakana: toa sita, basi. Ikafanya kazi vizuri mpaka tulipoweka saa 4:00 ya alfajiri ya Kizungu, ikatuandikia saa hasi mbili badala ya saa kumi. Tulicheka, tukarekebisha. Kosa kama hilo likitokea kwenye kalenda halisi, watu wanakosa mkutano na hakuna anayecheka.

Tumesikia pingamizi tatu, na zote zina uzito.

Ya kwanza ni muda. Mtu anayesoma sheria au historia aingie vipi kwenye Docker katikati ya insha zake? Tunakubali kwamba Jumamosi yetu ile ilikuwa ndefu. Lakini ilikuwa ndefu kwa sababu hatukuwa na mwongozo. Tulipouandika, tulimpa dada mmoja wa idara ya historia aufuate peke yake huku sisi tumekaa kimya, tumezuiwa hata kunyoosha kidole. Alikwama mara nyingi, na kila alipokwama tuliandika. Kwenye ukurasa wa kwanza tu tuligundua tumesema "fungua kituo cha amri" bila kusema kinafunguliwaje. Tuliposahihisha tukampa mtu wa pili, naye akamaliza kabla ya adhuhuri. Mwongozo mzuri ni ule ambao mgeni ameufuata na akafika.

Pingamizi ya pili ni lugha. Tumeulizwa kwa nini mwongozo uwe wa Kiswahili wakati kompyuta huongea Kiingereza. Kweli amri zitabaki kama zilivyo, hatutazitafsiri. Lakini amri ni chache. Kilicho kingi ni maelezo ya kwa nini. Mwenzetu wa Lubumbashi anaelewa Kifaransa na Kiswahili kuliko Kiingereza cha mafundi. Mwenzetu aliyezaliwa Leicester anakijua Kiingereza chote, ila alijiunga nasi ili apate jambo la kuzungumza kwa Kiswahili zaidi ya salamu na chakula. Tulipojaribu kupitisha mwongozo wa Kiingereza kwenye mashine ya kutafsiri, ulituambia kwamba "bandari 8080 inatumika". Mwenzetu wa Mombasa akauliza meli gani imetia nanga. Tukabishana nusu saa, tukakubaliana kuiita mlango. Nusu saa hiyo, kwa maoni yetu, ilikuwa kazi halisi ya chama cha Kiswahili kuliko nusu ya mihadhara yetu. Wala si sisi wa kwanza. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, na kabla ya hapo walilazimika kukaa chini na kuamua neno kwa neno. Walimu wetu wa isimu, hapa tunawahitaji kuliko tunavyowahitaji mafundi.

Ya tatu ndiyo nzito. Wapo wanaosema tukodi huduma iliyo tayari, tuache kujisumbua. Tunakiri kwamba seva yako mwenyewe ni kama ng'ombe wa maziwa: hakuna likizo. Inataka masasisho, inataka nakala za akiba, inataka mtu wa kuamka. Kama chama hakitapata watu wa kuitunza, basi kukodi ni bora kuliko kujidanganya, nasi tutakuwa wa kwanza kupiga kura hiyo. Lakini tutajuaje kama tunaweza? Karakana ndiyo kipimo. Tukishindwa kuijenga kwenye kompyuta za mkononi, ambako makosa hayagharimu kitu, tutakuwa tumepata jibu kwa bei nafuu.

Kwa hiyo tunaleta mapendekezo manne kwenye mkutano ujao.

Kwanza, kila mwaka wanachama wanne waijenge karakana kuanzia mwanzo, na angalau wawili kati yao wasiwe wa masomo ya kompyuta. Anayetoka asihesabiwe ametoka mpaka anayeingia aijenge mbele yake.

Pili, mwongozo wa Kiswahili ukae ndani ya Git pamoja na msimbo wetu. Kila aliyekwama aongeze mstari mahali alipokwamia.

Tatu, hakuna jina, simu wala picha ya mwanachama itakayoingia kwenye karakana ya mtu. Tutumie majina ya kubuni. Kompyuta ya mkononi husahauliwa kwenye treni, na sheria ya Uingereza ya kulinda taarifa za watu, ya mwaka 2018, haitatusamehe kwa kuwa sisi ni wanafunzi.

Nne, kila muhula tuchukue nakala ya akiba na kuifungua kwenye seva ya majaribio iliyofungiwa watu wengine, tuhakikishe mafaili yanasomeka na rekodi zinasikika, kisha tuifute. Nakala ya akiba isiyowahi kufunguliwa ni matumaini tu. Sisi tulikuwa na matumaini kwa miaka mitatu.

Wazee waliobaki wamekubali kurekodiwa tena, na wenzetu wawili wataanza kuwatembelea mwezi ujao. Mzee mmoja alituuliza, kwa upole tu, "Safari hii mtaziweka wapi?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Tungependa, watakapobisha hodi kwake, wawe na jibu la kumwambia, na mtu atakayekuwa katibu miaka kumi ijayo aweze kulirudia jibu hilo hilo.

Karakana iko wazi kila Jumamosi asubuhi, chumba cha juu cha maktaba. Njoo na kompyuta yako na chaja. Ujumbe mwekundu ukitokea, usiogope, tutausoma pamoja.