Safura Si Jini: Bibi Harusi Apimwe Kabla ya Singo



Leo nasema wazi, atakayenuna anune. Binti tunamsinga siku saba, liwa, hina na udi, wala hapatikani wa kumfunua jicho aone kama ndani mna wekundu. Mimi nashona nguo za harusi, nawaona wanapokuja kupimwa: viganja vyeupe, wakisimama kidogo wanahema. Wengine wanatafuna udongo kwa siri. Ukiuliza, unaambiwa kahusudiwa. Mganga kaitwa, kuku kachinjwa, damu bado haijaongezeka.

Pwani yetu hii, kabla ya kumsingizia jini, ifikirieni safura. Minyoo yake hukaa sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, ikauma ukuta wake na kunywa damu, miaka na miaka. Mayai hutoka na choo kikubwa. Yakiangukia mchanga wenye unyevu na kivuli, kama chini ya minazi na migomba yetu hapa Kua, huanguliwa, na baada ya siku 5 hadi 10 vijinyoo viko tayari kupenya ngozi ya mguu mtupu. Vinapita kwenye damu hadi mapafuni, vinapanda kooni, vinamezwa. Hasadi iko wapi hapo?

Mtume (SAW) alikataza kujisaidia njiani na kwenye vivuli vya watu. Tunaijua hadithi hiyo, kisha tunakodi viti na muziki, na nyumba haina choo!

Sikatazi dua wala ruqya. Lakini Mtume huyo huyo alituamuru kutafuta dawa. Mpelekeni zahanati apimwe damu na choo, maana upungufu wa damu huletwa pia na malaria, siko seli au hedhi nyingi. Ikiwa ni safura, tiba ni albendazole miligramu 400, mara moja, na vidonge vya madini ya chuma kurudisha damu. Akishashika mimba, asimeze dawa ya minyoo miezi mitatu ya kwanza. Ndiyo maana nasema apimwe kabla ya ndoa. Mama asiye na damu akitokwa damu kidogo tu wakati wa kujifungua, tunaweza kumkosa.

Na bila viatu na choo, minyoo itarudi. Basi kina mama, posa ikija, kabla ya kitanda na kabati, ulizeni: choo kipo?

Wabillahi tawfiq.