Mjomba, Hiyo Injini Haijafa!

Kuna watu wakistaafu wananunua shamba Mkuranga, wengine wanafungua duka la soda. Mjomba wangu alipopata kiinua mgongo alinunua gari la milango miwili. BMW Z4 ya mwaka 2003, paa la turubai, viti viwili basi, limetokea Japani na usukani uko upande wetu. Ukoo mzima ulikaa kikao. Bibi akauliza, "Sasa mimi nikizidiwa usiku nitakaa kwenye boneti?" Mjomba akamjibu kuwa atampeleka peke yake kwa raha zake, hao wengine wapande daladala.

Hiyo ni miaka minne iliyopita. Mwaka huu gari likaanza kususa. Asubuhi ukiliwasha linatetemeka kama mtu aliyetoka kuogea maji ya mtungi. Foleni ikisimama, sailensa inashuka, inapanda, inashuka tena. Mafuta linakunywa kama halilipi. Mbaya zaidi, halivuti. Ule mlima wa kwenda Kimara tulipitwa na bajaji yenye abiria watatu na gunia la mkaa, na dereva wake akatupungia mkono. Halafu cha ajabu, ukivumilia mpaka mshale ufike mzunguko 3000, ghafla linaamka kama limetukanwa na kuondoka mbio.

Mjomba akalipeleka gereji. Fundi mmoja akatega sikio, akafuta mikono, akasema, "Mzee, kompresheni hakuna hapa. Tafuta injini mtumba, andaa milioni nne na ya ufundi juu." Hakupima kitu. Habari zina miguu, siku mbili baadaye dalali yuko mlangoni. "Mzee wangu, mimi nakusaidia tu. Injini imekufa, nakupa milioni nane kama lilivyo."

Mjomba akaomba muda wa kufikiri. Na hakuwa anajishaua. Binamu yangu anatakiwa chuo na ada haijatimia, ndiyo maana lile gari lilikuwa limeshawekwa sokoni kimoyomoyo. Likiwa zima lina bei yake. Likiwa limekufa, bei anapanga dalali.

Ndipo mimi, mwenye D ya fizikia kidato cha nne, nikafungua mdomo. "Mjomba, hiyo injini haijafa." Nilikuwa nimeshasoma kwenye simu habari za gari hili hili mpaka usiku wa manane. Tukakodi geji ya kompresheni, nikapima silinda zote sita moja baada ya nyingine. Zote ziko juu, na zimekaribiana. Tukakagua mabomba ya hewa, moja lina ufa, tukalibadilisha. Sailensa ikatulia kidogo lakini kuvuta bado. Hapo nikajua tumebakiwa na mgonjwa mmoja tu.

Nikuulize msomaji, umewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ambayo ngozi yake ya ndani imekauka? Unasukuma mpaka jasho linakutoka, upepo unapita pembeni ya ile ngozi unarudi, tairi liko vilevile. Basi ugonjwa wa gari la mjomba ulikuwa huohuo, ila pampu yenyewe ni ya Kijerumani na inasukumwa na oili.

Mbele ya silinda hedi kuna kidude cha alumini kinaitwa VANOS. BMW walianza kukifunga kwenye injini zao mwaka 1992, kikishughulika na kamshafti moja tu, ile ya valvu za kuingiza. Mwaka 1998 zile injini zao za kawaida za silinda sita zikapata cha kushika kamshafti zote mbili, na M54 ya mjomba, yenye cc 2494 na nguvu za farasi 192, inacho hicho cha pande mbili. Kazi yake ni kusogeza muda wa valvu kufunguka na kufunga, maana muda unaoifaa injini ikiwa kwenye foleni sio unaoifaa ikiwa mbio. Kompyuta inaagiza, oili inasukuma pistoni ndogo, pistoni inasukuma kijiti chenye meno ya mshazari, na kwa kuwa meno yamelala upande, kijiti kikiingia au kutoka kinaipindua kamshafti kidogo. Basi.

Zile pistoni ndogo zina sili. Juu kuna pete ya Teflon, chini yake oringi ya mpira inayoisukuma ile pete ibane ukuta. Mpira ukichemshwa kwenye oili miaka ishirini unakuwa mgumu, unasinyaa, haubani tena. Oili inapita pembeni, pistoni haishiki pale ilipoagizwa. Injini ikiwa taratibu presha ya oili ni ndogo na hapo ndipo uvujaji unaponoga. Ndiyo maana bajaji ilitupita.

Sili mpya nikaagiza nje. Mpaka zinafika mkononi hazikumaliza laki mbili na nusu. Hizi oringi zake ni za Viton, mpira unaovumilia joto la nyuzi 200 hivi, wakati ule wa kawaida ukishapita 100 kwa muda mrefu unaanza kuchoka. Nikaongeza gasketi ya tapeti kava, gasketi ya VANOS yenyewe na wosha mpya za bomba la oili. Spana nikaazima kwa rafiki yangu wa kijiweni, kwa masharti kama ya mahari.

Jumamosi saa mbili asubuhi tukaanza, chini ya mwembe. Mjomba akaja na kigoda, trei la mayai na daftari. Msisahau huyu mzee alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini. Kila nati niliyotoa aliipokea, akaiweka kwenye shimo lake la trei, akaandika. "Nati ya tapeti kava, moja. Nati ya tapeti kava, mbili." Nilidhani ananitania.

Koili sita zikatoka, plagi zikatoka, tapeti kava likanyanyuka. Nikaweka soketi ya 22 kwenye bolti ya krankshafti, nikazungusha kwa mkono kufuata mshale wa saa, taratibu, mpaka yale matuta ya kamshafti ya silinda ya kwanza yakatazamana. Hapo ndipo pa kusimama. VANOS ikishatoka, injini haizungushwi hata robo, maana kwenye injini hii taimingi ikipotea pistoni zinagonga valvu. Hapo sasa yule fundi wa gereji anakuwa amesema kweli, na wa kulaumiwa ni mimi.

Mbele ya kamshafti kuna shimo ambalo cheni ya taimingi inashukia mpaka chini ya injini. Kitu kikidondoka humo umekwisha. Mkaza mjomba akatoa kanga yake kuukuu, nikaishindilia kwenye lile shimo kama ninaziba mtungi. Nikafungua bolti ya bomba la oili, nikalisogeza bomba pembeni. Oili ikamwagika, ikafutwa.

Halafu nikafika kwenye skrubu mbili zinazoshikilia pistoni na vile vijiti vya meno. Zinatumia soketi ya nyota, T30. Nikaweka, nikazungusha kushoto kama skrubu yoyote ya dunia hii. Haiendi. Nikaongeza nguvu. Soketi ikaanza kuteleza. Nikasimama na moyo unadunda, nikafungua simu nikasoma upya ule mstari niliourukia jana yake kwa usingizi. Zile skrubu zina nyuzi za kinyume! Ni kama pedali ya kushoto ya baiskeli, ukizungusha kulia ndiyo inafunguka. Mimi nilikuwa naikaza. Ningeendelea nusu dakika nyingine ile nyota ingelika, na skrubu iliyolika ndani ya injini ya watu ni msiba. Nikageuza mkono, ikaachia "tak". Mjomba akainua macho kutoka kwenye daftari. "Kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu, Mjomba. Mungu anisamehe.

VANOS ikatoka. Zile pistoni nikazichomoa, nikazikata sili za zamani kwa wembe, kwa kuchukua tahadhari nisiukwangue ukuta wa pistoni. Oringi ya mpira inatakiwa ukiikunja ijikunje. Hii niliikunja ikakatika kama tambi mbichi. Nikampa mjomba aishike. Akaigeuzageuza kwenye mwanga, akasema, "Hiki ndicho cha milioni nne?"

Oringi mpya zinaingia kirahisi. Pete ya Teflon ndiyo yenye kiburi, haivutiki. Unailoweka kwenye maji ya moto sana inalainika, unaivalisha haraka huku vidole vinaungua, halafu unairudisha pistoni kwenye nyumba yake ikae humo mpaka pete irudi kwenye umbo lake. Kazi yote hiyo haikuchukua saa nzima. Nikaanza kupiga mluzi.

"Simama hapohapo," mjomba akasema. Amefungua daftari kwenye goti. "Bomba la oili. Bolti moja, wosha mbili, moja mbele ya bomba na moja nyuma. Nimepokea bolti moja na wosha moja. Ya pili iko wapi?"

Nikamwambia ile ni ya zamani, mpya ninazo. Akanitazama kwa yale macho aliyokuwa akiwatazamia madereva wa malori. "Sikukuuliza kama ni ya zamani. Nimekuuliza iko wapi."

Jamani, jasho likanitoka hadi miguuni. Mwanya wa pembeni ya kanga niliuona sasa, upana wa vidole viwili, palepale mbele. Wosha ikipita hapo inashuka hadi kwenye cheni, siku ya kuwasha inaingia kati ya cheni na gia yake, kwaheri taimingi, kwaheri valvu, kwaheri ada. Nikaleta sumaku ya kamba nikaizamisha. Rafiki yangu akanikumbusha kwa upole kuwa ile wosha ni ya alumini na sumaku haina habari na alumini. Tukatoa kanga, tukaikung'uta juu ya karatasi. Hamna. Tukamulika tochi shimoni, nikajilaza juu ya bampa mpaka damu ikanishukia kichwani. Hamna. Tukalala chini ya gari, tukachekecha mchanga kwa chekeche la mkaza mjomba, ambalo sasa tunadaiwa jipya. Ikafika magharibi. Mjomba akaenda kuswali akarudi, akakaa kwenye kigoda chake, hakusema hata neno moja. Afadhali angenitukana.

Nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu ya kufungua kava la mbele la injini, kazi ambayo sina spana zake wala ujuzi wake, nilipolishika lile bomba la oili nilisogeze tochi ipite. Kidole kikagusa kitu nyuma ya mdomo wake. Wosha. Imenata pale kwa oili tangu asubuhi, imejibandika kama kupe, na ina rangi ileile ya bomba. Niliibandua nikampa mjomba. Akaitia kwenye trei, akaweka alama ya vema, akasema, "Haya, kesho," akaingia ndani kula.

Jumapili ilikuwa ya kurudisha. VANOS na gasketi yake mpya, zile skrubu za kinyume nikazikaza kwa kuzungusha kushoto huku nimejisemea kwa sauti mara tatu. Wosha mpya mbili, mjomba akashuhudia. Kanga ikatoka kabla ya kufunika, na hilo liandike popote, maana wapo waliowahi kusahau kitambaa mle ndani. Kabla ya kufunga tapeti kava nikaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Haikugonga popote, na yale matuta yakarudi kutazamana. Tapeti kava nikalikaza kwa spana ya toki, niutonimita 10 tu, kwa sababu ukishindana nalo linapasuka. Trei la mayai likabaki tupu, daftari likafungwa.

Mjomba akawasha mwenyewe. Sekunde mbili tatu ilikuwa makelele ya chuma mpaka mkaza mjomba akatoka jikoni na mwiko, ni oili inatafuta njia kwenye kidude kilichokuwa kitupu. Halafu kimya. Sailensa ikasimama kwenye 700 na kitu, mshale hautikisiki. Nikataka nikae kiti cha pili, maana sili mpya zinataka kilomita mia kadhaa ndipo zikae sawasawa na nilitaka nimwambie asilikurupushe. Akafunga mlango, akashusha turubai, akaondoka peke yake.

Alirudi baada ya saa mbili na nusu. Nikamuuliza linavutaje mlima wa Kimara. Akasema hakuangalia mlima, alikuwa anatafuta bajaji yenye gunia la mkaa.

Dalali alikuja Jumanne. Akaliwasha, akasikiliza, akakanyaga mafuta, uso ukabadilika. Akapanda hadi milioni kumi na mbili. Mjomba akamtajia kumi na saba, akamwonyesha na ile oringi iliyokatika aliyoihifadhi kwenye bahasha. Dalali akaaga, akasema anakwenda kushauriana na tajiri wake. Ada inatakiwa tarehe 15. Na tangu juzi mjomba ameanza kuniuliza bei ya gasketi za paa.

Wiki ijayo nitawaambia kama dalali kapanda au mjomba kashuka. Anayefahamu duka lenye chekeche imara za bei poa aniambie.