Tuandikieni mkulima alilipwa ngapi

Swali ninaloulizwa zaidi dukani kwangu hapa mjini Nyeri ni hili: "Huu ni wa Mwea kweli?" Mteja hutia mkono guniani, akachota mchele kidogo kiganjani, akausugua kwa kidole gumba, kisha akaunusa. Pishori halisi, mchele wa Mwea, hunukia hata kabla ya kupikwa. Akiridhika, hununua kilo zake mbili bila kubishana, ingawa mchele wa kutoka nje uko papo hapo kando, tena kwa bei nafuu. Akishuku, huenda zake. Pakiti iliyoandikwa "Mwea" kwa herufi kubwa haimtulizi, kwani kwa miaka mingi wapo wafanyabiashara ambao wamekuwa wakichanganya pishori na mchele wa bei rahisi na kuuza wote kwa jina moja.

Nimeanza na mchele kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba mnunuzi wa huku hajali chakula chake kimetoka kwa nani. Husemwa hivyo kila yanapotajwa mambo ya alama za haki kwenye vyakula: Fairtrade, chura wa kijani wa Rainforest Alliance, au Kilimohai yetu wenyewe ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa 2007 kwa mazao ya kilimo asilia. Eti hayo ni ya Wazungu wenye pesa, sisi tunatafuta cha bei ya chini tu. Si kweli. Watu wananunua maziwa ya Wakulima wa Mukurwe-ini, kampuni ya wafugaji wenyewe, kwa sababu wanamjua shemeji au jirani anayepeleka mtungi wake kule alfajiri. Hawangoji alama yoyote.

Alama ya Fairtrade ilipoanza kuuzwa kwa wanunuzi wa Kenya mwaka 2013, kahawa ndiyo iliyotangulia. Mimi pia nimewahi kuiweka rafuni. Vijana wa chuo waliichukua, wakaigeuza, wakasoma, wakairudisha. Mwalimu mmoja mstaafu alisema ni jambo jema na akanunua. Lakini aliyenifikirisha ni cucu (nyanya) mmoja wa Tetu, ambaye ana mikahawa yake ya aina ya SL28 tangu enzi za mumewe. Aliweka kidole juu ya ile alama akaniuliza, "Mwanangu, hii inanilipa ngapi?"

Hakuna neno kwenye pakiti lililomjibu. Kwa hiyo nilikaa chini nikapiga hesabu, na ninaiweka hapa ili kila mtu aione. Fairtrade hulipa nyongeza ya senti 20 za dola kwa kila ratili ya kahawa safi, yaani iliyokobolewa. Hiyo ni senti 44 kwa kilo, au takriban shilingi 57. Kilo moja ya kahawa safi hutokana na kilo sita au saba za cheri zinazopelekwa kiwandani. Kwa hiyo nyongeza ile ni kama shilingi nane au tisa kwa kilo ya cheri, tena kwa ile kahawa tu ambayo mnunuzi amekubali kuichukua kwa alama hiyo. Inayobaki, hata kama chama kimeidhinishwa, huuzwa kama kahawa nyingine yoyote. Na zile shilingi nane au tisa haziingii mkononi mwa cucu. Huingia kwenye akaunti ya chama cha ushirika, na wanachama hupiga kura zifanye nini.

Sisemi ni hela za kupuuzwa. Ipo pia bei ya chini kabisa, ambayo Agosti 2023 ilipandishwa hadi dola 1.80 kwa ratili, na hiyo ni kinga ya kweli soko linapoporomoka. Wenye umri wangu wanakumbuka mwaka 2001, bei ilipoanguka chini ya senti 50 za dola kwa ratili na watu wakang'oa mikahawa wakapanda mahindi. Kinga kama hiyo ingekuwapo kwa wote, mashamba mengi ya Othaya na Mathira yasingeachwa kuwa msitu. Lakini Februari 2025 soko la New York lilipita dola nne. Msimu kama huo, bei ya chini haina kazi, na mnunuzi anayesoma alama haambiwi iwapo mkulima alipata sehemu yake ya zile dola nne au zilikwama njiani.

Na hapa ndipo nataka kusimama. Sisi hatuhitaji mtu wa mbali atuhakikishie haki kwa mchoro. Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu, Meru: katika miji hii anayenunua ndiye anayelima, au ni mtoto wa anayelima. Wengi wa wazazi wetu walikatazwa na serikali ya kikoloni kupanda kahawa hadi miaka ya 1950. Walipoipata, waliipanda wakijua bei yake mpaka senti ya mwisho, na hesabu hiyo bado tunaiweza. Kila mwaka vyama vya ushirika hutangaza hadharani vimelipa shilingi ngapi kwa kilo ya cheri, na magazeti huandika. Kila mkulima ana stakabadhi yake nyumbani. Basi habari hiyo ipo tayari. Kinachokosekana ni kuihamisha kutoka ubao wa kiwanda hadi kwenye pakiti.

Pakiti ya kahawa inayouzwa Kenya iwe na mistari mitatu: kiwanda kilichomenya cheri, msimu wa mavuno, na shilingi alizolipwa mkulima kwa kilo. Wakaangaji watasema wao huchanganya kahawa za viwanda vingi. Sawa, waandike wastani na majina ya vyama. Watasema ni siri ya biashara. Siri gani, wakati malipo hayo yalishatangazwa mkutanoni mbele ya wanachama wote? Na anayefikiria kudanganya ajue kwamba atakamatwa siku ya kwanza, kwa kuwa yule cucu wa Tetu atasoma namba ile na kuilinganisha na stakabadhi yake. Hakuna mkaguzi wa kuagizwa kutoka Ulaya atakayemshinda.

Hayo yakifanyika kwa kahawa, majani chai yanaweza kufuata kwa njia hiyo hiyo, kwa sababu bonasi ya chai nayo hutangazwa kila mwaka, kisha mchele wa Mwea.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda dukani wiki hii, muulize mwenye duka kahawa anayokuuzia mkulima wake alilipwa ngapi. Akishindwa kujibu, atamuuliza anayemletea, na anayemletea atamuuliza mkaangaji. Nanyi wakaangaji, anzeni na mavuno ya msimu huu. Pakiti ya kwanza itakayoandika namba hiyo, mimi nitaiweka rafu ya mbele.