Maradhi Mamoja, Majina Manne

Likizo hii tuliketi barazani baada ya Alasiri na vijana wanne wa chuo kikuu. Mazungumzo yakamwangukia mwenzao aliyeacha masomo. Halali, hali, wala hasemi na mtu. Tukawauliza: ana nini?

Wa udaktari alisema ni maradhi, na yana dawa. Wa uhandisi akasema ni uvivu, ajikaze. Wa ualimu, mzaliwa wa bara, akasema kwao wazee wangeitafuta laana ya ukoo. Wa sheria, kijana wetu wa hapa, akajibu pasi na kusita: ana jini, asomewe.

Hatuwacheki. Kila mmoja alisema kwa malezi yake na kwa vitabu vyake. Hata lugha yetu yashuhudia: wazimu watokana na mzimu, na majununi, tulilopokea kwa Waarabu, ni aliyeingiwa na jini. Lakini lugha iyo hiyo inalo sonona, yaani kuumia ndani kwa ndani, na hapo hatajwi pepo wala jini.

Wala tusidhani kwamba tiba ya nafsi ni jambo la Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akaeleza huzuni, hofu, ghadhabu na wasiwasi, na namna ya kuvitibu. Hospitali ya Sultani Qalawun, iliyojengwa Cairo mwaka 1284, iliwapa wagonjwa wa akili mahali pao.

Sheria nayo imeanza kuona. Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Mgonjwa si mhalifu.

Rai yetu ni hii: dua na daktari hawagombani. Asomewe Kur'ani, na Port Reitz apelekwe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na aibu ya jamaa haijapata kumponya mtu.

Adhana ya Magharibi ilipolia tukawauliza vijana wetu swali la mwisho: nani kati yenu amekwenda kumtazama? Wote wanne waliinamisha vichwa. Majina ya ugonjwa walikuwa nayo. Mgonjwa mwenyewe hawajamwona. Basi, kabla ya kubishana zaidi, na akajuliwe hali.