CURLE_OK haitoshi

Mwandishi anayedai kwamba curl_easy_perform ya maktaba ya libcurl ikirudisha CURLE_OK kazi imekwisha anawapotosha wanaojifunza C. Jibu hilo lasema tu kuwa libcurl haikukwama njiani. Seva ya HTTP ikijibu 404, nawe hukuwasha CURLOPT_FAILONERROR, bado utapata CURLE_OK, na ukurasa wa kosa utahifadhiwa kana kwamba ndilo faili uliloomba. Hatari iliyoje kwa anayepakua data za wagonjwa! Iulize curl_easy_getinfo thamani ya CURLINFO_RESPONSE_CODE kabla ya curl_easy_cleanup, ukiipa anwani ya kigeu cha long. Ukiipa ya int, kwenye Linux ya biti 64 itaandika baiti 8 penye nafasi ya 4. Mwandishi huyo anauita ukaguzi huo mapambo. Mimi nauita wajibu. Na kielekezi unachopewa kwa CURLINFO_EFFECTIVE_URL ni mali ya libcurl: free() aliyoiweka kwenye mfano wake aiondoe.