Wamelala wapi leo?

Nimepotea kidogo, naomba radhi. Nilikuwa kwetu Mpwapwa, likizo ambayo sikupumzika, maana nilifika wakati mtama uko kwenye maziwa. Anayetoka huku anajua maana yake. Punje ikishakuwa laini hivyo, nyumba nzima inahamia shamba kuamia ndege. Mama yuko kwenye dungu, watoto wanapiga madebe, mwenye kombeo anarusha mawe mpaka bega linauma. Kuanzia alfajiri mpaka jua linazama. Ukienda shule za vijijini wiki hizo utakuta madawati yamepungukiwa watu, na mwalimu hahitaji kuulizwa kwa nini.

Mnyama mwenyewe ni kwelea kwelea. Mdogo kuliko unavyodhani, gramu 15 hadi 20 tu, mdomo mwekundu. Kwa siku anakula na kumwaga nafaka kama gramu 10. Si kitu, sivyo? Sasa chukua kundi la milioni moja, ambalo kwa kwelea kwelea ni la kawaida kabisa. Hizo ni tani 10 kwa siku moja.

Mjini watu wengi wanadhani dawa ya tatizo hili ni ndege (ile ya chuma). Nami nilidhani hivyo mpaka nilipofuatana na bwana shamba mmoja kwa pikipiki jioni tatu mfululizo. Nikajifunza kwamba kuwaua si kazi ngumu kivile. Kazi ni kujua wamelala wapi.

Kwelea kwelea hawalali shambani kwako. Mchana wanatawanyika kula, jioni wanarudi kwenye malalo yao, kilometa kumi au zaidi kutoka kwenye mtama wanaoumaliza. Wanapenda vichaka vya miiba vilivyosongamana, au matete yaliyo karibu na maji. Kwa hiyo unasimama mahali palipoinuka kama saa kumi na moja na nusu, unangoja. Mara unaona kitu kama moshi, kinapita chini chini, kinajikunja na kujikunjua. Unaandika mwelekeo. Mwenzako aliye kijiji cha pili anapiga simu kusema ule wake umeelekea wapi. Mistari miwili ikikutana, hapo ndipo pa kwenda. Ukikaribia huhitaji darubini: kelele kama mvua juu ya bati, matawi yamevunjika kwa uzito, chini kumepauka kwa mavi, na harufu... tuiache. Mwewe nao wanazunguka juu.

Jioni ya tatu tuliyapata. Bwana shamba akaandika taarifa. Taarifa ikaenda kata, ikaenda wilaya, ikaendelea na safari zake.

Wadau, hapa ndipo ninapotaka tubishane. Malalo hayakai. Majani yakikosa mbegu, maji yakikauka au ndege wakibughudhiwa, kundi zima linahama kichaka. Huyu ni ndege aliyeumbwa kufuata mvua. Anazaliana eneo moja, vifaranga wakishajitegemea anaondoka, kwa sababu katika jumla ya siku kama 40 koloni nzima inakuwa imemaliza shughuli zake. Sasa unampiganaje kiumbe wa namna hiyo kwa barua yenye mihuri minne? Ndege ya kunyunyizia ikishapatikana, inabidi imwage sumu jioni, dakika chache kabla ya giza, juu ya kichaka chenyewe. Kama taarifa ina wiki mbili, inanyunyizia miiba mitupu.

Tuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2020. Tuna Kilimo Anga. Sisi ni wanachama wa shirika la kudhibiti nzige wa jangwani Afrika Mashariki, lililoundwa 1962, ambalo ndege zake hutumika pia kwa kwelea kwelea. Wataalamu tunao. Ambacho sikukiona kwa macho yangu ni mtu mmoja kila kijiji anayelipwa, hata vocha na mafuta ya pikipiki tu, ili kila jioni ya msimu atazame angani na kutoa taarifa siku hiyo hiyo. Bwana shamba niliyekuwa naye alitia mafuta kwa pesa yake.

Kuna na suala la sumu. Dawa inayotumika ni fenthion, na haichagui. Bundi na mwewe wanaokula mizoga wanakufa pia, na watu nao huokota hao ndege, maana ni kitoweo. Mei 2025 wanachama wa Mkataba wa Rotterdam walikubali kuiweka fenthion ya aina hiyo kwenye orodha ya kemikali ambazo nchi lazima iarifiwe na kuridhia kabla hazijaingia kwake. Haijapigwa marufuku. Lakini ukiona dunia inaanza kuomba kibali, jua mlango unasogea kufungwa.

Hapo hapo mkoani kwetu, Kondoa, watu wanawatega kwa nyavu na mitego usiku na kuwauza. Ni nyama! Sisemi nyavu zitamaliza mamilioni, nisije nikanukuliwa vibaya. Nasema malalo yakijulikana mapema, kundi likiwa bado dogo, nyavu zinaweza kufanya kitu bila kuua bundi hata mmoja. Na mtego nao, kama ilivyo ndege ya chuma, unahitaji kwanza ujue wamelala wapi.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Miaka nenda rudi sisi watu wa Dodoma tunaambiwa tuache mahindi tulime mtama na uwele kwa sababu vinavumilia ukame. Ushauri ni sahihi. Lakini hindi lina ganda lake la kujifunika, mtama uko uchi juu ya bua. Anayemshauri mama yangu alime mtama amwambie pia nani atakaa kwenye dungu.

Siku nne baadaye nilirudi kwenye kile kichaka. Kimya. Mavi tu na manyoya. Mzee mmoja mchunga mbuzi alituambia walipita juzi jioni, wakaelekea upande wa Kinyasungwe. Bwana shamba akachungulia tangi la pikipiki, akaniuliza kama nina elfu tano.