Jina Langu Si Tenki

Semeni ukweli: nani aliacha kuchukia mwili wake juu mgeni alikuja paredi, akasema "jipendeni", akapiga picha, akaenda?

Nikiwa kidato cha pili niliitwa Tenki. Nikawa nagawa githeri yangu ya jioni, eti nipungue. Mwalimu alilijua hilo jina. Alilitumia pia.

Jina lilizaliwa bwenini, na wa kulizima ni wale wale wa bwenini. Huko Marekani, Body Project imeongozwa vyuoni na wanafunzi wenyewe: wanaketi kikundi kidogo, kila mmoja anapinga kwa mdomo wake uongo wa mwili "kamili".

Basi wafunzeni waelimishaji rika, wapeni saa moja kila wiki. Na wewe mwalimu, anza leo: mwite mtoto jina lake.